Fundi Aliyeogopa Kulifungua Gari Alilolifunga Mwenyewe

Saa mbili asubuhi. Fundi analala chini ya gari, anatoka, anazunguka upande wa pili, anarudi tena chini. Hii ni mara ya nne na bado hajakaza nati hata moja. Anazitazama stendi mbili za chuma zilizobeba ekseli ya nyuma, kisha anazisukuma kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mbwa.

"Ziko sawa," anasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Gari lenyewe ni la zamani, la bluu iliyofifia, lenye nafasi ndefu ya mizigo nyuma. Kiumri linampita kifungua mimba wa fundi, ambaye amekwisha kuoa. Magurudumu ya nyuma yametolewa. Springi mpya, vyuma vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, zinang'aa kwa grisi.

Fundi ana miaka hamsini na mbili, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza chini ya magari. Zamani majirani wa karakana walimwita Chapchap. Siku hizi wanamwita Rudia.

"Jina la kwanza nililipenda," anamwambia mwandishi wa makala haya, huku akifuta mikono kwa tambara ambalo ni chafu kuliko mikono yenyewe. "Hili la pili nimelistahili."

Enzi za Chapchap alikuwa akimaliza magari matatu kwa siku. Leo gari moja linamchukua siku mbili, na nusu ya wateja wamemkimbia. Habishani nao. Anajua kilichomfikisha hapo, na anakieleza bila kujipaka mafuta.

Mwenye gari hili la bluu ni mshonaji wa sare za shule. Kila Jumanne humpeleka mama yake mzee kliniki, ng'ambo ya mlima, kufungwa upya kidonda cha mguu. Mwaka juzi alilileta kwa fundi likiwa linavuma gurudumu la nyuma la kushoto. Beringi ilikuwa imekwisha.

Kuibadilisha si kazi kubwa. Lakini nyuma ya beringi hiyo kuna pete ya chuma, upana wake haufiki kidole gumba. Pete ndiyo inayoishika beringi isihame kwenye shafti, mhimili unaolizungusha gurudumu, na beringi ndiyo inayoizuia shafti isichomoke na gurudumu lake. Pete ikishatolewa, hairudishwi tena. Inatakiwa mpya, ipashwe moto, iingie ikiwa imetanuka, ipoe ikiwa imeng'ata.

Siku ile mpya hazikuwapo dukani. Mshonaji alikuwa anasubiri na mama yake amekwisha kukaa kiti cha nyuma. Fundi alichukua pete ileile ya zamani, akaigonga kwa nyundo mpaka ikarudi mahali pake.

"Iliingia kirahisi mno," anasema. "Mkono wangu uliniambia. Nikaunyamazisha. Nikasema itashika, itashika, nikafunga gurudumu. Nikawatakia safari njema."

Saa nane kasorobo mchana simu yake iliita. Alikuwa muuza vipuri.

"Fundi, pete zako zimeingia. Bado unazitaka?"

Alimkatia simu. Akampigia mshonaji. Simu haipatikani. Akapiga tena, na tena. Kliniki humaliza saa nane. Baada ya hapo ni kushuka mlima, kona baada ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili hewa tupu.

Alitoka mbio na ovaroli lake, akakodi pikipiki. Dereva alipomuuliza waende wapi, alishindwa kutaja mahali. Alinyoosha kidole kuelekea mlimani.

"Kila kona nilifumba macho," anasema. "Nikawa namwomba Mungu nikute barabara tupu. Halafu nikiikuta tupu naogopa zaidi, natazama chini bondeni."

Aliwakuta kwenye kona ya tano. Gari lilikuwa limelala ubavu kwenye mtaro wa upande wa mwamba. Gurudumu la kushoto lilikuwa hatua ishirini nyuma yake, limesimama wima kwenye majani, shafti imechomoza katikati. Kama gari lingevutwa upande wa pili, makala haya yasingekuwapo.

Mama mzee alikuwa ameketi juu ya jiwe, paji la uso limevimba. Mshonaji alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Alipomwona fundi akishuka kwenye pikipiki, jambo la kwanza aliloliuliza ni:

"Nani amekupigia simu?"

Hakuna aliyekuwa amempigia. Simu ya mshonaji ilikuwa imeishiwa chaji tangu asubuhi.

"Nilisimama palepale kando ya pikipiki," fundi anasema. "Ningeweza kudanganya kila mtu. Waliosimama pale walikuwa wanailaumu barabara. Lakini yeye aliliangalia gurudumu, akaniangalia mimi, akaliangalia tena gurudumu."

Fundi alimweleza ukweli hospitalini, mkono ukiwa tayari kwenye plasta.

"Ulijua asubuhi?" mshonaji aliuliza.

"Nilijua, dada."

"Ukaniambia safari njema."

Kwa miezi minne mshonaji hakushika mkasi, na sare za muhula ule zilishonwa na mtu mwingine. Hakwenda polisi. Mpaka leo fundi hajui kwa nini, na hajathubutu kuuliza.

Alichofanya fundi ni kuazima gari la shemeji yake na kumpeleka mama mzee kliniki kila Jumanne. Wiki tatu za kwanza walikwenda na kurudi kimya, yeye jasho linamtiririka kwenye kila kona. Jumanne ya nne mama mzee alikohoa kidogo.

"Mwanangu, na redio nayo ni mbovu?"

"Nzima, mama."

"Basi iwashe. Tunasafiri kama maiti."

Lakini kulishika lile gari la bluu alishindwa. Lilivutwa hadi karakana, likafunikwa turubai, likakaa miezi kumi na sita. Alipita mbali nalo. Akilazimika kuchukua spana iliyokuwa karibu yake, alimtuma mtu. Hofu ikamfuata mpaka nyumbani.

Mkewe, karani wa ghala la nafaka, anasema alidhani mumewe anarukwa na akili. "Akifunga mtungi wa gesi anarudi kuugusa. Tukifika kituoni anataka turudi tena nyumbani. Nikamwambia, baba watoto, ukiendelea hivi utanigusa na mimi usiku kuona kama napumua. Akaniambia, mbona nakugusa."

Mwezi uliopita mshonaji alisimama mlangoni mwa karakana, akalinyooshea turubai kidole.

"Gari langu limekukosea nini?"

"Dada, mafundi wengine wapo. Nitawalipa mimi."

"Wapo. Lakini wao hawajui gurudumu lake linavyochomoka."

Usiku huo fundi hakulala. Asubuhi alitoa turubai.

Imemchukua wiki tatu. Amefungua kila kitu cha nyuma mpaka mwili wa gari ukabaki mtupu. Amepima ekseli kwa uzi, kutoka springi za mbele hadi nyuma, kuona kama ajali iliipinda. Shafti ya kushoto ilikuwa imepinda, na kwa kuwa magari haya hayatengenezwi tena, aliitafuta siku tisa kwenye mabanda ya vyuma chakavu. Kwenye springi ya zamani ya kulia alikuta jani moja, kimoja cha vile vyuma vya tabaka, lina ufa mwembamba kama unywele. Alikaa chini akalitazama nusu saa.

"Hili sikulisababisha mimi," anasema. "Lilikuwapo siku ile. Nililipita. Ni mangapi mengine nimeyapita kwa miaka thelathini?"

Swali hilo ndilo linalomtisha kuliko lolote. Amewahi kuanza kuorodhesha wateja wake wa zamani kichwani, akaacha.

Pete mbili mpya alizipasha moto mchana kweupe, mshonaji akiwa amesimama hatua moja kutoka kwake. Ilipoingia ya pili, mshonaji aliuliza imeingiaje. "Kwa shida," fundi akamjibu. Mshonaji akatikisa kichwa kukubali.

Sasa imebaki hatua ya mwisho. Bolti za springi hazikazwi gari likiwa juu. Lazima lishushwe kwanza libebe uzito wake, la sivyo bushi, mipira iliyo kwenye ncha za springi, zitajinyonga na kupasuka. Maana yake ni kulala chini ya gari lililosimama kwa magurudumu aliyoyafunga mwenyewe. Anafunga magurudumu, analishusha gari, anaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Anavuta pumzi. Anaingia. Mlio wa spana unasikika, unanyamaza, unasikika tena kwenye bolti ileile.

Anatoka uso umelowa jasho. Mshonaji amekwisha kufika, na ametoa mkono wa kushoto kudai ufunguo. Wa kulia bado haunyooki vizuri.

"Naendesha mimi," anasema. "Wewe kaa nyuma. Kushoto."

Fundi anapanda na kuketi juu ya gurudumu lilelile. Mwandishi anakaa mbele. Tunapanda mlima. Kileleni mshonaji anageuza gari, na tunaanza kushuka. Fundi ameshika kiti kwa mikono miwili, shingo ameiinamisha upande, anasikiliza. Kwenye kona ya tano mshonaji naye anaacha kupumua. Mabega yake yanapanda na hayashuki mpaka kona imeisha.

Mara tatu fundi anaomba gari lisimame. Mara tatu anashuka na kugusa kikombe cha chuma katikati ya gurudumu kwa nyuma ya mkono, kuona kama kina joto. Mara ya tatu anamwita mshonaji naye aguse. Ni vuguvugu tu, kama inavyotakiwa.

Jumanne ijayo mama mzee atapanda gari la binti yake kwa mara ya kwanza tangu ajali. Fundi anasema akipata nguvu ataanza kuwatafuta wateja wa zamani, mmoja mmoja, awaombe alaze kichwa chini ya magari yao bila malipo. Anaogopa atakachokikuta, lakini anaogopa zaidi kutokitafuta. Kwa sasa ana ombi moja kwa mshonaji, na analitoa akiwa bado amechuchumaa kando ya gurudumu.

"Baada ya kilomita mia, nirudishie nilifungue tena."

Mshonaji anahesabu kwa vidole vya mkono uliovunjika. "Kliniki kwenda na kurudi ni hamsini."

"Basi Jumanne ya pili, dada. Usipitilize."

"Sipitilizi," anasema mshonaji. "Na wewe usiwe na haraka."