Chumvi, Sukari na Mlango wa Seli

Nilirudi shule nikiwa na miaka ishirini na sita na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto nilimwacha Kibakwe kwa mama yangu, mimi nikapanga chumba Dodoma, nyuma ya soko la Majengo. Asubuhi nilisoma na watu wazima wenzangu waliokuwa wanarudia kidato cha nne. Mchana niliuza nyanya.

Somo lililoniangusha mara ya kwanza lilikuwa baiolojia. Si kwamba sikusoma. Nilikariri. Ningeweza kukuandikia maana ya utando wa seli kwa Kiingereza bila kukosea hata nukta, lakini ungeniuliza utando huo uko wapi mwilini mwangu, ningebaki nakutazama.

Muhula wa pili tukaletewa mwalimu wa mazoezi kutoka chuo kikuu kule Chimwaga, binti mdogo kuliko wengi wetu. Dawati la mbele alikaa mzee mmoja, mkulima wa Chemba aliyekaribia miaka hamsini. Binti alipoingia tu akamwamkia, "Shikamoo." Mzee akasimama wima, kama mwanafunzi anavyotakiwa, akajibu, "Marahaba, mwalimu." Tukacheka, naye akacheka, na tangu hapo hakuna aliyeogopa kumuuliza swali.

Shule haikuwa na hadubini. Alikuja na viazi mviringo, kisu, chumvi na vikombe viwili vya plastiki. Alikata vipande vinavyolingana, vingine akavitia kwenye maji matupu, vingine kwenye maji yenye chumvi nyingi, akatuachia tuvitazame hadi saa sita. Vya maji matupu vilikuwa vigumu, ukikikunja kimoja kinakatika kwa mlio. Vya maji ya chumvi vililegea kama kamba.

"Maji yametoka ndani ya kiazi," alisema kwa Kiswahili, ingawa somo lilitakiwa kuwa la Kiingereza. "Kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Maji yanapita kirahisi, chumvi haipiti ovyo. Nje kukiwa na chumvi nyingi kuliko ndani, maji yanatoka kuifuata. Hiyo ndiyo osmosisi."

Nilijua jambo hilo tangu nikiwa mtoto. Nani hajawahi kukatakata kitunguu cha kachumbari, akakifikicha kwa chumvi, kikatoa maji? Ila sikujua kwamba kile nilichokikariri na kile nilichokifanya jikoni ni kitu kimoja. Ndipo swali likanitoka kabla sijalipima.

"Mwalimu, kama chumvi inayatoa maji kwenye seli, mbona mtoto anayeharisha anapewa maji ya chumvi na sukari? Si tunamkausha zaidi?"

"Sijui," akasema. "Nipe hadi Alhamisi."

Sikuwahi kumsikia mwalimu akisema hajui. Mzee wa Chemba aligeuka, akanitazama kwa heshima iliyonifanya nikae sawasawa.

Alhamisi akaja na jibu. Chumvi kwenye maji yale ya dawa ni kidogo mno, imepimwa. Haifanani na ya kwenye kile kikombe. Halafu kwenye utando wa seli za utumbo kuna milango midogo. Mmoja wa milango hiyo haufunguki kwa sukari peke yake wala kwa chumvi peke yake. Lazima ziingie pamoja. Zikishaingia, maji yanazifuata. "Na hata mtoto akiharisha," alisema, "mlango huo unaendelea kufanya kazi."

Kama mwezi hivi baadaye, mama alinipigia simu asubuhi. Mtoto anaharisha tangu jana. Alishampeleka zahanati, wakampa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji.

"Umempa?" nikauliza.

"Nimeonja, ina sukari. Sukari si inaongeza tumbo kuendesha? Nimempa maji tu, vijiko vichache."

Mama yangu si mtu wa kuambiwa "fanya" akafanya. Amelea watoto sita. Nikameza woga, nikamweleza kuhusu mlango: kwamba chumvi haiingii mpaka ishikane mkono na sukari, na maji yanazifuata nyuma. Nikamwambia asiongeze sukari yake wala asipunguze, achanganye pakiti kama alivyoelekezwa, ampe kidogo kidogo, asimwachishe chakula.

"Nani kakwambia hayo?"

"Mwalimu. Na nilimuuliza mwenyewe, mama."

"Haya," akasema. "Ngoja nichemshe maji."

Nilipanda basi siku hiyohiyo. Njia nzima niliwaza kwamba nimemwamini binti wa chuo na viazi vyake, na mtoto ni wangu. Nilipofika jioni nilimkuta kakaa kwenye mkeka, macho yamelegea lakini midomo ina unyevu, mama anamnywesha kwa kijiko. Usiku alikojoa. Mama akaja kunionyesha nguo iliyolowa kana kwamba ni zawadi. Asubuhi tulimrudisha zahanati, muuguzi akamkagua akatuambia tuendelee vilevile. Siku ya tatu mtoto alikuwa anamfukuza kuku uani.

Kabla sijaondoka nilimsikia mama akizungumza na jirani kwenye ua. "Usitie sukari ya kwako," alikuwa anasema. "Kuna mlango. Inapimwa." Aliyasema kwa uhakika kuliko mimi.

Mwisho wa muhula mwalimu alituombea ruhusa, tukaenda Chimwaga kwenye maabara ya chuo. Alibandua ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, akaiweka chini ya hadubini. Nikaona vyumba vilivyopangwa kama matofali, na ndani yake rangi ya zambarau iliyojaa hadi ukutani. Akadondosha maji ya chumvi. Polepole rangi ile ikajikusanya katikati, utando ukaachana na ukuta. Akadondosha maji matupu. Ikarudi, ikajaa tena.

Mzee wa Chemba, ilipofika zamu yake, alikaa kwenye hadubini hadi foleni ikaanza kunung'unika. Alipoinua kichwa alisema taratibu, "Kumbe si maneno tu. Kitu chenyewe kipo."

Baiolojia nilifaulu. Sasa niko mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi, na wiki iliyopita nilipangiwa wodi ya watoto.