Sabuni Iliyoshushwa Mapema

Mwaka ule sabuni ilipotoweka kabisa dukani, mimi na dada yangu tuliamua kupika yetu. Tulikaa katika kijiji cha ujamaa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Mimi nilifundisha watu wazima kusoma, na mdomo wa siasa nilikuwa nao. Akili alikuwa nayo dada.

Tulichuja maji ya majivu ya maganda ya maharage, tukayapika na mawese yaliyopandishwa kutoka Ziwa Tanganyika, tukatia chumvi ili yagande. Kila kipande tulikikata kwa ukubwa uleule na kukigandamizia jani la maharage, watu wakaiita sabuni ya jani. Mlanguzi hakupewa hata alie. Sheria kubwa ilikuwa ya dada: sabuni ilale darini juu ya jiko zaidi ya mwezi, maana baridi ya Ufipa haikaushi kitu haraka. Kisha aliigusa kwa ncha ya ulimi. Ikimchoma, inarudi darini. Nilimtania kwamba ulimi utamwishia kabla hajapata mume. Watu walikuja kuiulizia kutoka hata Kizwite, kule mjini, nami kichwa kikavimba.

Siku moja akaja mwenyekiti wa kijiji. Wageni wa wilaya walikuwa njiani, naye alitaka duka la kijiji lionekane lina kitu.

"Wanangu, hii si mali ya nyumba moja," alisema. "Kila kaya ipate kipande, kwa orodha."

"Mzee, bado inachoma," dada alimjibu. "Tupe wiki tatu."

"Wageni wanaingia Jumamosi, mwanangu."

Dada alinitazama. Ningemuunga mkono, mzee angeondoka mikono mitupu. Lakini yale maneno, kila kaya, yalinilevya. Ndiyo niliyokuwa nikiwaandikia watu ubaoni. Nikasema ichukuliwe, nami nitawatangazia waiweke mpaka ikauke.

Nilitangaza kweli, siku ya kugawa, nimesimama mlangoni mwa duka. Mpumbavu mimi. Mtu amekaa tangu mavuno bila sabuni, kesho wageni wanakuja, halafu aiweke aitazame? Kila mama alimsugua mwanawe ang'ae.

Jumamosi watoto walisimama mstarini ngozi imewababuka shingoni na kwapani, wengine wakilia kila nguo ikiwagusa. Mwenyekiti akasema mbele ya wote kwamba sisi tulimficha ubovu wa sabuni yetu. Dada hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko tusi. Alimwaga mawese yaliyobaki shimoni, hakupika tena.

Vipande vichache vilikuwa vimesalia darini. Vilipokauka, dada alikataa hata kuvitazama, nikavionja mwenyewe. Havikuchoma hata kidogo. Ilikuwa sabuni nzuri kuliko zote tulizowahi kupika, nikaibeba niwape bure wale waliounguziwa watoto.

Mama wa nyumba ya kwanza alinikaribisha vizuri. Alipokea kipande kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Asante, mwalimu," alisema.

Kisha akamvuta mtoto wake nyuma ya kanga, mbali na mkono wangu.