Sambaza Zilizofika Salama

Baba aliporudi kutoka hospitali hapa Ngara, chakula kilimshinda. Uji alikuwa anauangalia tu, ndizi anazisogeza pembeni. Siku moja akasema angepata sambaza za Ziwa Kivu, zile za dada yake, huenda angekula. Shangazi Yulita alikulia huku kwetu, kisha akarudi Rwanda, na kila mwaka hututumia kopo la hivyo visamaki vya kukaanga. Ila hazijawahi kufika zikiwa nzima. Mafuta huharibikia njiani, zinanuka. Baba humpigia simu na kusema, "Zimefika salama, dada, ahsante sana." Kisha tunawapa kuku.

Nikasema nitazifuata mwenyewe.

"Nenda," Baba akasema, "lakini usimwambie. Utamvunja moyo."

Nikafunga mzigo. Mimi niliishia darasa la saba na kupanga maneno si kipaji changu, lakini niliona hivi: nikinyamaza, Baba ataletewa zile zile.

Asubuhi, mpakani Rusumo, afisa alifungua maharage ambayo Baba humtumia dada yake kila mwaka. Nilikuwa nimeyatia kwenye mifuko ya plastiki, na Rwanda hairuhusu. Watu husimulia ukali wa mipaka tu, kwa hiyo na hili naliandika: alinishikia ncha mbili za kitenge mpaka nikamaliza kuyamimina.

Kutoka Kigali barabara inapanda milima, baridi ikanipata. Nilishuka Gisenyi jioni nikikohoa. Kijana wa pikipiki, ambazo kule huitwa moto, aliyabeba maharage mbele yake kama mtoto, tukaenda Rugerero kwa shangazi.

Shangazi hakuniuliza habari kwanza. Alichuma majani ya umuravumba nyuma ya nyumba, akayatwanga, akakamua maji yake, akachanganya na asali. "Kunywa, mwanangu, ndipo tusalimiane." Asubuhi kikohozi kilikuwa kimepungua. Sijui ni majani, ni asali, au ni ule usingizi mzuri. Nashukuru vyote vitatu.

Siku ya pili alikaanga sambaza. Nikamwona anazichota za moto moto na kuzifunika kwenye kopo, mvuke ukiwa ndani. Nikajua nisiposema sasa basi tena. Nikamwambia yote.

Aliweka mwiko chini.

"Kuku?"

"Kuku, shangazi."

"Wote walikula?"

"Jogoo alikataa."

Alifunua kopo, akalikodolea macho mpaka nikajuta kuzaliwa na mdomo. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka kwa kicheko. "Na maharage ya kaka," akasema, "kila mwaka yanafika na fukusi. Nashukuru, nakata simu, nakaa kuchambua. Ndiyo maana nilijifunza kukausha umuravumba na kuuchanganya na maharage, fukusi wahame."

Akamwita jirani yake, Mama Furaha, anayevuka mpaka pale Grande Barrière kila siku kuuza samaki wa kukaanga Goma. Alipoelezwa, alishika kiuno.

"Kumbe munadanganyana miaka yote? Hii famille iko na adabu mingi sana." Akachungulia kopo. "Bon. Samaki iko moto na we unafunika, donc maji inabaki ndani. Acha ipoe kwanza. Na mafuta, tia romarini, moto kidogo kidogo, harufu itoke. Toa majani, ndiyo ukaange."

Romarini ndiyo ua uliozunguka nyumba ya shangazi, kichaka cha majani membamba kama sindano. Wengine huyanywa kwa chai.

"Usitie mingi," Mama Furaha akasema. "Ikizidi ni dawa, haiko chakula tena."

Alipogeuka niliongeza konzi moja, kwa woga zisije zikaharibika tena; shangazi aliniona.

Nilirudi na makopo mawili yaliyopoa vizuri kabla ya kufunikwa: moja la romarini, moja la mafuta matupu, nisije nikasifu majani bure. Nilibeba pia umuravumba mkavu wa kuweka kwenye maharage. Shangazi alitaka Baba anywe pia maji ya majani hayo. Nikasema anameza vidonge, nimuulize muuguzi kwanza. Hakukasirika.

Nyumbani Ngara nilifungua yote mawili. Lile la mafuta matupu lilikuwa limeanza kunuka, ingawa si kama miaka ile, kwa hiyo kupoza nako kulisaidia. La romarini lilikuwa zima. Baba alitafuna polepole, akapiga simu.

"Zimefika salama, dada."

"Kaka, niambie kama unavyowaambia kuku."

Baba aliniangalia. Niliangalia sakafu.

"Zina uchungu kidogo," akasema hatimaye. "Mmezidisha majani."

"Huo ni mkono wa binti yako."

Walicheka, kila mmoja upande wake wa mpaka. Nimewahi kumsikia Baba akishukuru mara nyingi, lakini siku ile ndipo nilipomwamini. Nilipotaka kuondoa kopo, alilivuta.

"Nimesema chungu. Sikusema uondoe."

Alikula sahani nzima. Kuku walikuwa wamesikia mlio wa vifuniko, wamejipanga mlangoni. Waliambulia kopo la pili, na jogoo naye akala.