Mwalimu Aliyefunga Mlango Saa ya Kusoma

Wiki iliyopita, huko Kimara, tulimzika mwalimu mstaafu, mama mmoja aliyekuja mjini kutoka bara akiwa msichana. Habari za msiba nilizipata kwa mwanawe, nikawahi mazishini nikitumaini kusikia wasifu wake ukisomwa. Haukusomwa. Wageni wa heshima walisalimiana, wakashukuriana, wakakumbushana ubovu wa barabara, mpaka mchungaji akatangaza kwamba muda umetutupa mkono, twendeni kaburini. Kwa kuwa hakuna mgeni wa heshima anayehutubia kwenye safu hii, nitausoma mimi, japo kipande.

Nilifundisha naye shule moja ya Temeke enzi za Mwingereza, sote tukiwa vijana. Yeye alishika darasa la kwanza. Kwenye ratiba, kipindi cha kusoma kilikuwepo kila asubuhi, kimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Watoto ndio hawakuwepo. Lilianza gwaride, likafuata zoezi la kukagua kucha, kisha la kukagua kama kucha zilizokatwa zimeokotwa. Hapo Mwalimu Mkuu wetu, mtu mpole ambaye kaptula yake ilipigwa pasi mpaka ikaweza kusimama yenyewe, aliwaomba watoto wakachote maji ya kumwagilia maua. Maua yalistawi ajabu. Watoto nao walifika darasa la nne wakishika kitabu juu chini.

Siku moja mwenzetu huyo wa darasa la kwanza akamfuata. “Mkuu, naomba saa yangu ya kusoma. Watoto wangu hawajui hata herufi.”

“Mwalimu, kusoma hakuonekani,” Mkuu akamjibu bila hasira. “Mkaguzi akiingia hapa ataona nini? Ataona maua.”

Kesho yake mwalimu yule aliwaingiza watoto darasani, akafunga mlango kwa komeo. Mkuu akaja na ndoo mkononi, akagonga. “Fungua! Maua yanakauka!”

“Yavumilie kidogo, Mkuu. Tumefika ba, be, bi.”

Sisi tuliokuwa barazani tulijua kibarua chake kimeota nyasi. Lakini aliufunga mlango ule kila asubuhi, na Mkuu akaanza kuomba huko juu mwalimu huyo ahamishwe.

Mkaguzi Mwingereza akafika. Watoto wakaimba, maua yakasifiwa, na kitambaa alichokiandika Mkuu kwa mkono wake kikapepea juu ya mlango: KALIBU MKAGUZI WETU. Mgeni akamgeukia kijana mrefu wa darasa la nne. “Soma pale.” Kijana akakitazama kitambaa, akavuta pumzi, akauimba wimbo wa kukaribisha upya, beti zote. Hapo kasichana ka darasa la kwanza kakanyoosha mkono. “Ka-li-bu. Mwalimu, mbona wameandika kalibu?”

Nilimwona Mkuu akitafuta ardhi immeze. Mkaguzi akacheka, akampa Mkuu mkono. “Hodari sana! Umeandika kosa kwa makusudi, uwapime watoto!”

“Ndiyo, Bwana,” Mkuu akasema huku jasho likimtoka. “Ndiyo mbinu yetu hapa.”

Haukupita muda, mwenye mbinu akapandishwa cheo, akapelekwa shule kubwa yenye bustani kubwa zaidi. Maombi yake nayo yakajibiwa: mwenzetu akahamishiwa Kimara, wakati huo pori tupu, kwa kosa la ukaidi. Nilipokwenda kumpa pole nilikuta darasa la makuti, watoto wameinamia vitabu, hakuna aliyeinua kichwa kunitazama. “Pole ya nini?” akaniuliza. “Huku hakuna mkaguzi anayefika. Tunasoma mpaka tunachoka.”

Nimeishi kuona bendera zikibadilishwa na vyeo vikipewa majina mapya, na bado naona watoto wakitolewa darasani kwenda kupanga mistari ya kumpokea fulani. Saa ya mtoto ya kusoma haichukuliwi na wezi. Huombwa kwa adabu na watu wazuri, wenye sababu nzuri, na ni vigumu sana kuwakatalia. Anayetaka kuilinda akubali tu kuitwa mkaidi, tena na watu anaowapa shikamoo.