Ng'ombe wa Mama Noela

Nisiwafiche, mimi ni mvivu. Mama Noela, muuza maziwa wa Murara, alinipa kazi ya kutengeneza skrini ya kugusa ya duka lake. Alitaka kitufe chenye ng'ombe aliyechorwa kwa mistari, asiharibike akikuzwa. Nikabandika kapicha ka ng'ombe nilikokapiga kwa simu. Kwenye kompyuta yangu kalipendeza, nikajisifu nimechora siku tatu.

Siku ya kufungua sikutulia, mara nisimame, mara niketi. Skrini ikawaka, kubwa kama mlango. Ng'ombe alikuwa amevunjika miraba-miraba, myeusi na ya kijivu. Mama Noela akamwita mfugaji wa Masisi anayemletea maziwa.

“Muzee, gusa ngombe yako.”

Muzee akatafuta, akatafuta.

“Naona tu ukuta ya mawe, mama. Ngombe iko nyuma yake?”