Bizari ya Makengeza

Neno alilolisema Zakariya lilikuwa moja tu: "Nzuri." Alilisema dukani, mbele ya tajiri wake Mzee Noormohamed na Waseem, mwana wa mzee, huku mkononi ameshika pakiti mpya ya bizari ya pilau. Pakiti ilikuwa nyeusi, inang'aa, ina herufi za dhahabu. Waseem alikuwa amemwuliza, "Zakariya, waionaje?" naye akajibu hivyo, kisha akarudi kwenye mizani yake. Tangu siku hiyo hakuwa na raha.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu katika duka hilo, kwenye kichochoro cha nyuma ya soko la Marikiti. Alianza kwa kupepeta na kuchagua mawe kwenye bizari, akaishia kuwa mtu wa kaunta na kinu. Shule aliacha darasa la saba. Alikuwa mtu wa haya sana. Mteja akimkazia macho, yeye hutazama mizani. Akiulizwa jambo, jawabu lake zuri humjia wakati mwulizaji keshafika barabarani.

Lakini alikuwa na jicho la kutazama wanunuzi, na hilo ndilo lililokuwa starehe yake. Ijumaa duka likifungwa, baada ya swala, wenzake wa Majengo huenda kwenye bao na kahawa. Yeye huenda supamaketi. Huchukua kikapu ili askari asimshuku, akazunguka humo saa nzima, akatoka na kiberiti. Alikwisha kuona kuwa mtu hachukui pakiti ya mbele. Hupenyeza mkono akachukua ya pili, kwa kuwa ya mbele imeshashikwashikwa. Aliona kuwa rafu iliyojaa pomoni watu huiogopa kuivuruga, na ile yenye mapengo mawili matatu ndiyo inayoendewa. Aliona kwamba mwanamke akija na mumewe husoma bei, akija na shogaye hasomi. Aliona pia kuwa wazee hawayataji majina yaliyoandikwa. Dawa yoyote ya meno kwao ni Kolgeti, na majani ya chai ni "yale ya kikombe" au "yale ya mlima," kwa picha iliyochorwa juu.

"Wenzio wana marafiki," mkewe Raihana alikuwa akimwambia. "Wewe rafiki yako ni rafu ya sabuni. Siku moja utaniletea mke wa pili, nikiuliza ni nani, kumbe ni keshia."

Kwa ajili ya jicho hilo alijua jambo ambalo Mzee Noormohamed hakulijua. Pakiti ya zamani ya bizari yao ilikuwa ya karatasi ya manjano, na juu yake pana picha ya mwanamke mwenye mtandio, na chini pameandikwa "Shirin." Huyo alikuwa Shirinbai, mamake mzee, aliyefariki kabla Zakariya hajaajiriwa. Katika picha ile jicho la kushoto lilikuwa limeingia ndani, latazama pua. Kila mtu alidhani ni kosa la mchoraji. Na kuanzia Kuze mpaka Kibokoni, mpaka Majengo, hakuna aliyeiita bizari ile Shirin. Iliitwa Makengeza.

"Nipa Makengeza robo," watu husema. Mzee akiwa yuko nyuma ya pazia, Zakariya hukohoa. Wateja wote walikijua kikohozi hicho. Wakikisikia, hugeuza maneno papo hapo: "Nipa ile ya mama." Hivyo mzee akaishi miaka yote akiamini kwamba mji mzima wamtaja mamake kwa heshima, na kwamba karani wake ana kifua kibovu kwa vumbi la pilipili. Kila mwezi humnunulia chupa ya asali.

Sasa biashara ilikuwa imeshuka. Watu walikuwa wakinunua bizari pamoja na mchele na mafuta, mahali pamoja, na kichochoroni hawafiki. Waseem akapata nafasi kwenye supamaketi ya Ganjoni, ileile ya Ijumaa za Zakariya: siku tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi, wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani. Bizari ikitoka, itapewa rafu ya kudumu. Isipotoka, itaondolewa Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Na mzee alikuwa amesema wazi: ikiondolewa, kinu anakiuza, na duka analikodisha kwa muuza simu. Zakariya alikuwa na miaka arubaini na minane. Hakuna mahali pengine angeajiriwa kupima bizari.

Kwenye pakiti nyeusi Shirinbai alikuwa amepunguzwa akawa mdogo kama stempu. Na macho yake yote mawili yalitazama mbele, yamenyooka.

Alhamisi asubuhi Zakariya alisimama kando ya rafu, amevishwa aproni nyeusi. Mtu wa kwanza kumsogelea alikuwa Bi Mwanakuu wa Kibokoni, mpishi wa harusi, aliyekuwa mteja wao tangu zamani.

"Zakariya mwanangu, hata huku umefika? Makengeza wameiweka wapi?"

Kiwiko cha bibi kilikuwa kimeigusa ile nyeusi.

"Hii hapa, bibi."

Bi Mwanakuu aliichukua, akaisogeza mbali na macho, akaigeuza. "Hii si kahawa?"

"Ni ileile. Wamebadilisha mfuko tu."

"Na huyu ni nani?"

"Ndiye yeye mwenyewe."

"Yeye mwenyewe ana jicho lake. Huyu yuanitizama kama karani wa benki." Akaipeleka puani. "Hata harufu haina, imefungwa kama dawa. Zakariya, pilau la harusi yako nilipika mimi. Leo wanifanya mjinga?"

Akairudisha, akachukua bizari ya watu wengine, akaenda zake. Jawabu lilimjia Zakariya yule bibi akiwa tayari yuko kwa keshia.

Siku hiyo zilitoka pakiti tano. Waseem alipiga simu jioni. "Ndiyo kwanza mwanzo," alisema. "Watu waizowee brendi. Wewe tabasamu tu."

Ijumaa supamaketi ilijaa, na habari zilikuwa zimeenea kwamba Makengeza imefika Ganjoni. Watu walivuta tende, unga wa ngano, tambi, nazi za pakiti. Zakariya aliwaona wakifika mbele ya rafu yake, wakitafuta kitu cha manjano kwa macho, halafu wakipita. Aliona midomo yao ikiuliza. Alipowaza kwenda kwa mzee akamweleze, aliliona lile neno Makengeza likitoka kinywani mwake mbele ya mwana wa Shirinbai, na hakwenda. Basi akafanya jambo aliloliona jepesi zaidi: alianza kuwanong'oneza wateja.

"Ndiyo Makengeza hii," akamwambia mwanamke kijana aliyekuwa na simu sikioni.

"Ngoja, mama," yule mwanamke akasema kwenye simu. "Yuko mtu hapa asema ndiyo hii. Nakutumia picha."

Akaipiga picha, akaituma, akasubiri. Sauti ya mkwewe ilitoka kwenye simu hata watu wa upande wa mchele wakaisikia.

"Hiyo siyo! Makengeza ni ya manjano! Huyo ni tapeli, auza feki kwa jina la watu. Muite askari."

Naye akamwita. Askari alikuja, akamtazama Zakariya, akaitazama na aproni yake. "Mzee, umeniangusha," alisema kwa upole. "Miaka yote nakuona na kikapu chako na kiberiti, nikasema huyu ni mtu wa amani."

Jumamosi saa saba mchana Zakariya aliitwa kwa meneja, mwanamke wa bara aliyeitwa Sheryl, kwenye kijiofisi kilichobanwa nyuma ya stoo ya unga. Juu ya meza palikuwa na pakiti nyeusi na karatasi mbili.

"Nina malalamiko mawili," alisema Sheryl. "Unauza Shirin, unawaambia watu ni Makengeza. Hiyo Makengeza ni ya kampuni gani? Kwa karatasi zangu haiko. Kama ni jina la mtu mwingine, mimi ndiye nitapelekwa kortini, si wewe. Nimempigia mwenye bizari, anakuja."

Zakariya alisimama. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika kitu. Alisikia fimbo ya mzee ikigonga sakafu kabla mlango haujafunguliwa.

Mzee Noormohamed aliingia na kofia yake nyeupe, Waseem nyuma yake. Akamsalimia meneja kwa taratibu, akauliza hali ya kazi na ya watoto, kisha akakaa. Ndipo akamgeukia karani wake.

"Zakariya, kweli? Watia jina la watu kwenye bizari yangu?"

Zakariya alikohoa.

"Mpeni maji," alisema mzee. "Kifua chake hicho."

"Sina kifua, mzee."

"Ati?"

"Sijapata kuwa na kifua." Aliitazama pembe ya meza, palipobanduka mbao, akasema na pembe ile. "Makengeza ni yetu. Ndiyo Shirin. Watu waiita hivyo kwa sababu ya lile jicho kwenye pakiti. Mimi nilipoajiriwa nililikuta jina hilo. Wewe ukiwako nakohoa, wao wakageuza. Waseem aliponiuliza, nikasema pakiti ni nzuri. Sikuwa na la kusema mbele yako. Nisamehe."

Akatoa mfukoni pakiti ya manjano, akaiweka mezani kando ya ile nyeusi.

Askari alikuwa amesimama mlangoni. "Ee," alisema, "ndiyo Makengeza hiyo." Kisha akaona nyuso za watu, akatazama viatu vyake.

Nje mtu alikuwa akiburuta mifuko ya unga. Waseem alikuwa amewiva uso. "Baba, twende," alisema. "Miaka yote huyu asimama pale na watu wanamtukana Dadima, bibi yangu, naye ananyamaza. Mimi leo hii..."

"Keti, beta," mzee alimwambia mwanawe.

"Lakini..."

"Keti." Mzee aliivuta pakiti ya manjano kwa kidole. Akaisogeza karibu na macho. "Wote waiita hivyo?"

"Wote, mzee."

"Na Bi Mwanakuu?"

"Na yeye. Lakini kwa kutukana, hapana. Hawamkusudii mtu. Ndiyo alama yao. Wasipoliona lile jicho, wasema ni feki."

Mzee alivuta pumzi. "Mchoraji hakukosea," alisema. Aliongea polepole, kama anayemweleza meneja peke yake. "Mama alikuwa hivyo. Marehemu baba alimwambia mchoraji, mke wangu ndiye aliyeitunga bizari hii, mchore kama alivyo, usiguse kitu. Watu wa nje hawakumwona, alikuwa wa ndani. Lakini shuleni walikuja kujua, wakanicheka kwa jicho hili mpaka nikaacha kula na wenzangu. Nikasema nikiwa mkubwa nitalinyosha." Akaisukuma ile nyeusi kando. "Waseem alitaka kubadilisha rangi tu. Macho nilinyosha mimi."

Waseem aliinamisha kichwa.

"Za manjano zimesalia stoo ya dukani?" mzee akauliza.

"Katoni nne," Zakariya akajibu.

"Zilete."

Sheryl alitazama saa yake. "Mzee, pole. Lakini ni mpaka saa kumi na mbili, kama nilivyosema. Siwezi kuongeza."

Zakariya alichukua tuktuk. Barabara ya kuelekea Marikiti ilikuwa imeziba kwa watu wa manunuzi ya Ramadhani, akashuka, akaenda kwa miguu karibu akimbie, akarudi na hamali na mkokoteni. Ilikuwa saa tisa kasoro robo alipofungua katoni ya kwanza. Mzee Noormohamed alikuwa bado yuko, amesimama kando ya rafu kwa fimbo yake. Kiti alichopewa hakukikalia.

Zakariya alipanga pakiti za manjano, jicho mbele. Alipomaliza aliondoa tatu za safu ya mbele, akaziweka chini.

"Mbona waacha mapengo?" Waseem akauliza. Hakuwa bado ameweza kumtazama usoni.

"Ndivyo wachukuavyo."

Wakasubiri. Dakika kumi zikapita. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alipita akaenda kwenye mafuta. Mwanamume mmoja akachukua bizari ya watu wengine bila kutazama. Halafu akaja mama wa makamo, kikapu kimejaa, akasimama ghafla.

"Haya, kumbe mwaificha? Jana nimezunguka hapa mpaka miguu imeniuma. Nipeni Makengeza nne."

Zakariya alikohoa. Hakutaka kukohoa, kifua kilijikohoa chenyewe.

"Wacha kukohoa," alisema Mzee Noormohamed. "Mpe mama bizari yake."

Zakariya alizikusanya nne kwa haraka, na pakiti moja ikaanguka. Mzee akainama kwa shida, akaiokota, akaipangusa kwenye kanzu upande wa picha, akaitia mwenyewe kikapuni.

Baada ya hapo walikuja wawili wawili. Kuna waliopiga simu majumbani, "Ipo, nimeiona." Saa kumi na mbili kasoro dakika tano katoni ya tatu ilikuwa imebaki pakiti chache za chini. Sheryl alikuja na kibandiko cha bei na kalamu, akazihesabu zilizobaki, akasema rafu ni yao. Akauliza, "Niandike jina gani hapa?"

Waseem alimtazama baba yake. Zakariya alitazama sakafu.

"Andika Shirin," alisema mzee. "Ndilo jina lake."

Walirudi na tuktuk moja, watatu, na katoni tupu miguuni. Mpaka walipoipita Ngome Zakariya hakujua kama Jumatatu afungue duka au asiende. Kisha mzee akasema, bila kugeuka:

"Na ile asali. Miaka yote hiyo waifanyani?"

"Twaila na mkate wa mofa, mzee. Raihana aipenda sana."

Mzee Noormohamed alitikisa kichwa.

"Basi tena sikununulii," alisema. "Jumatatu uje mapema. Kinu kinataka kusafishwa, na za manjano zimekwisha dukani."