Kitambaa cha Maji na Rejeta ya Ami Nasoro

Enzi zetu joto la Maskati halikuwa na dawa ila kulalia mkeka uliorowekwa maji, juu ya paa, watoto tumepangwa kama papa wa kukaushwa. Asubuhi kwenye chuo cha Kurani maalim alisinzia kabla yetu, nasi tulisoma kwa sauti ndogo makusudi asiamke. Watoto wa siku hizi wana feni, na jenereta ikizimika kidogo tu wanalia kama wamefiwa.

Kiangazi kimoja ami yangu Nasoro alirudi kutoka Ulaya, alikokuwa akifunga mabomba ya kupashia nyumba joto. Wenzake walirudi na saa na redio. Yeye alishuka na rejeta moja, lile bamba la chuma la ukutani linalopitishwa maji ya moto, pana kama mlango wa zizi. Alitaka kumwoa Zuwena, na Mzee Khalfani, baba yake Zuwena, alikwisha sema: "Binti yangu hatokaa tanurini. Kipoze chumba kimoja, nije nikikalie baada ya sala ya Ijumaa, ndipo tuzungumze."

Ami akafikiri: ikiwa maji ya moto hupasha chumba, maji ya baridi yatakipoza. Akaweka pipa juu ya paa kivulini, akalijaza maji baridi ya mitungi, akaifunga rejeta ukutani na kutega beseni chini yake la kupokea maji yatokayo. Penye bomba la kuingilia akafunga vali, kizibo cha kufungulia na kufungia maji, yenye kichwa cha mviringo na namba. "Hii ina akili," alituambia. "Inahisi joto yenyewe."

Ilikuwa na akili kweli, ila ya Ulaya. Ilipohisi chumba kina joto, iliona watu wamekwisha ota moto wa kutosha, ikajifunga. Hata tone halikupita. Ami alizungusha namba zote mpaka kanzu ikamganda mgongoni.

Bibi, mama yake ami, akaja, akaigusa. "Nasoro mwanangu, kichwa hiki kina homa." Akakifunika kitambaa cha maji, kama anavyofanyiwa mtoto mgonjwa. Punde tukasikia glu, glu. Vali imedhani baridi imeingia!

Basi wenzangu wakapewa kazi ya kurudisha maji ya beseni pipani. Mimi, niliyeona haya hata kuomba chumvi, nikapewa kitambaa na kopo la maji ya kukilowesha, kwa kuwa kazi hiyo haitaki maneno. Ijumaa Mzee Khalfani akaja, akaegemea rejeta, akafumba macho. Hapo kitambaa kikakauka. Kopo langu tupu, glu glu inafifia, ami ananikodolea macho, na kuita siwezi. Nikachukua gilasi ya sharbati ya mgeni, nikaimimina yote juu ya vali.

Glu, glu. Mzee akakoroma. Nzi wakaja, lakini chumba kikapoa.

Alipoamka alisema, "Nasoro, harusi lini? Na sharbati yangu iko wapi?"

Zuwena alipoletwa, aliitazama rejeta, kitambaa, na mimi. "Kwani hicho kichwa hakitoki, maji yapite tu?"

Ami akakifungua. Maji yakapita. Bibi alicheka hata akakaa chini, na mimi nikawa sina kazi.

Kichwa kile ninacho mpaka leo. Watoto wa siku hizi wakiniuliza ni cha nini, nawapa kitambaa cha maji nikingoja waone. Wanatazamana, wananirudishia, wanakwenda zao kwenye feni.